Mwenzi na Jirani katika Dansi ya Kontra

Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, yale yaitwayo kwa pamoja New England, ipo dansi ya zamani ijulikanayo kwa jina la Lady Walpole's Reel. Wanavijiji waliipa na jina la utani, Kipenzi cha Mume Mwenye Mke. Utani wenyewe si mgumu kuuelewa. Dansi hiyo huanza kwa mchezaji kumgeukia, si mwenzi aliyekuja naye, bali jirani aliyesimama chini yake katika safu. Humsogelea na kurudi, kisha humshika na kuzunguka naye. Mume na mkewe hushuka pamoja katikati ya ukumbi na kurejea, na hupeana mikono hapa na pale, lakini kuzungushana hakuwapitii. Hivyo mwenye mke hupata ruhusa, mbele ya kadamnasi na kwa dakika chache, ya kuwashika wake za wenziwe mmoja baada ya mwingine, na mkewe hali kadhalika, wala hapana wa kumuuliza mwenziwe neno. Ndivyo dansi ilivyotungwa.

Ndani ya utani huo mna swali ambalo watunzi wa dansi hizi wamekuwa wakiulizana kwa muda mrefu. Tangu robo ya mwisho ya karne ya 20, dansi nyingi mpya za kontra zimetungwa zikiwa na mizungusho miwili, mmoja wa mwenzi na mmoja wa jirani, hata ule wa pili ukaja kuhesabiwa miongoni mwa nguzo za dansi yenyewe. Wako washikiliao kwamba ukiuondoa mzungusho wa jirani umeivunja kontra, maana umewarejesha watu katika ujozi wao. Wako wengine wasemao kwamba mzungusho huo umekula nafasi ya mengine yote, na kwamba mtu hapaswi kukumbatiwa na asiyemjua ati kwa sababu tu amesimama karibu naye. Kila upande hudai kuwa historia iko pamoja nao.

Kwa msomaji asiyepata kuiona, dansi ya kontra huchezwa hivi. Wachezaji husimama safu mbili ndefu zinazotazamana, kuanzia mbele ya ukumbi walipo wapigaji hadi nyuma. Kila mtu ana mwenzi wake. Jozi mbili zilizo karibu hufanya kundi la watu wanne, na yule wa jozi ya pili ambaye umepangwa kukutana naye ndiye jirani. Kundi hucheza maumbo yote ya dansi mara moja. Duru ikikamilika, jozi moja imeteremka nafasi moja katika safu na nyingine imepanda. Hapo kila jozi hukuta jozi ngeni mbele yake, na dansi huanza upya. Kwa mwendo wa mapigo kama 120 kwa dakika, duru moja huchukua nusu dakika na ushei, na dansi ya dakika nane ina duru 15 hivi. Mwenzi ni yule yule tangu mwanzo hadi mwisho. Majirani wanaweza kufika 15.

Fidla ndiyo sauti kuu, aghalabu piano ikiifuata, na jukwaani husimama mwelekezaji anayenadi kila umbo kabla tu ya wakati wake. Kazi hii ya kunadi ina historia yake yenyewe, ambayo kwa miaka mingi haikusemwa. Mtafiti Phil Jamison, katika kitabu alichokitoa mwaka 2015, ameonyesha jinsi ilivyotokana na wapiga fidla Weusi, wengi wao watumwa, waliokuwa wakiwapigia Wazungu na kuwapigia watu wao wenyewe. Dansi inayosifiwa kuwa ni urithi wa Uingereza huongozwa basi kwa sauti ambayo asili yake haikutoka Uingereza.

Muziki wake ndio utakaomfanya mshairi wa Kiswahili ajione yuko kwao. Kila mahadhi yana sehemu nne, kila sehemu ina mapigo 16, na kila sehemu hukatika katikati, nane na nane. Jumla ni mapigo 64. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, mizani 16 kila mmoja, ukwapi mizani nane na utao mizani nane. Jumla yake ni 64 pia. Hapana nasaba baina ya mawili haya, ni sadfa tu. Lakini ni sadfa yenye manufaa, kwani yeyote aliyewahi kukesha na ubeti mmoja anajua jinsi nafasi ile ilivyo finyu, na jinsi neno moja refu lisilo na kazi linavyoweza kuupotezea mshororo mzima nguvu zake. Mtunzi wa kontra yumo katika dhiki hiyo hiyo. Akimpa jirani hatua za kusogea na kurudi na mzungusho juu yake, ametumia mshororo mmoja. Akimpa mwenzi sawasawa na hivyo, ametumia wa pili. Imebaki nusu ya ubeti, na ndani ya nusu hiyo lazima awavushe watu wanne hadi mahali watakapokutana na majirani wapya.

Mizungusho hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Mwaka 1651 mchapishaji wa London, John Playford, alitoa kitabu kiitwacho The English Dancing Master, chenye maelezo ya dansi zaidi ya 100 pamoja na mahadhi yake. Kiliendelea kuchapwa upya na kupanuliwa, na warithi wa kazi yake wakaendelea baada yake, hadi yapata 1728. Mwanzoni zilikuwamo dansi za duara na za mraba, lakini kadiri miaka ilivyokwenda zile za safu mbili zilizipiku nyingine zote. Sababu haiko mbali: duara na mraba huhesabu watu, safu haihesabu. Aliyechelewa kufika hujiunga mwishoni mwa safu, na hapana wa kumwambia kwamba nafasi zimekwisha. Wafaransa walizichukua dansi hizo, wakaziita contredanse, na mwaka 1706 Raoul-Auger Feuillet akachapisha mkusanyo wake mjini Paris. Ng'ambo ya bahari, mwalimu wa dansi John Griffiths alitoa kijitabu mjini Providence mwaka 1788, ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha namna yake kuchapwa Marekani.

Katika vitabu hivyo jirani yupo kila ukurasa, lakini hakumbatiwi. Wachezaji hushikana mkono mmoja wakazunguka, au mikono miwili. Hupitana mgongo kwa mgongo. Watu wanne hushikana duara, au huweka mikono pamoja katikati na kuzunguka kama nyota. Husukana kama ukili, huyu akipita kulia na yule kushoto. Hata pale maelekezo ya Kiingereza yalipotumia neno swing, ambalo leo ndilo jina la mzungusho, muradi ulikuwa kushikana mikono na kuzunguka. Mtu wa zama hizo aliyealikwa kumzungusha jirani alinyoosha mikono yake, na urefu wa mikono hiyo ulikuwa ndio umbali baina yao.

Kukumbatiana kulitoka kwingine. Kulikuja na walzi, nayo haikupokelewa kwa shangwe na kila mtu. Lord Byron, ambaye hakuwa mtu wa kujulikana kwa haya, aliandika mwaka 1813 utenzi mzima wa kejeli dhidi ya walzi, akautoa bila ya jina lake. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliilaani dansi hiyo ya kigeni baada ya kuchezwa katika tafrija ya mtawala. Kilichowachukiza ni kile kile: mkono wa mwanamume kiunoni mwa mwanamke, na viwiliwili viwili kugeuka pamoja muda wote wa muziki. Lakini mkumbatio wa walzi ulishuka taratibu kutoka majumba ya wakubwa hadi kumbi za vijijini, na ulipofika huko uliingia ndani ya dansi za zamani, ukakaa mahali palipokuwa pa mikono miwili. Wahamiaji wa Kiayalandi na Wafaransa wa Kanada, waliojaa katika miji ya viwanda ya New England, nao walikuja na mapenzi yao ya kuzunguka kwa kasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mzungusho kama unavyojulikana leo ulikuwa umekwisha kuwa na umbo lake. Wawili hushikana kwa mkao wa walzi, ubavu wa kulia wa huyu ukielekea ubavu wa kulia wa yule. Mguu wa kulia hubaki kati kama ekseli, na wa kushoto husukuma sakafu. Kila mmoja huegemea nyuma kidogo na kumwachia mwenziwe sehemu ya uzito wake. Ili wasipate kizunguzungu, hutazamana machoni.

Haya ya kutazamana machoni hayafai kupitwa haraka. Mtu aweza kumpa mgeni mkono akafikiria mambo mengine. Hawezi kuegemea uzito wa mgeni, akamtazama machoni kwa mapigo 12, kisha akasema kwamba hawakukutana.

Henry Ford, tajiri wa magari, alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuzifufua dansi za kale. Mwaka 1926 alitoa kitabu cha mafunzo kiitwacho Good Morning, kilichoandaliwa pamoja na mwalimu wake Benjamin Lovett. Ford aliuchukia muziki wa jazi, na chuki yake hiyo haikuwa mbali na chuki yake kwa Mayahudi, aliowalaumu kwa kuueneza. Alitaka adabu za zamani zirudi, na kitabu chake kilimtaka mwanamume amwongoze mwanamke pasi na kumkumbatia. Ni kichekesho cha historia kwamba dansi alizozipenda kwa ajili ya adabu yake ndizo zilizokuwa, huko vijijini, zinachezwa kwa mkumbatio ule ule alioukimbia.

Mtu aliyezihifadhi dansi hizo kwa dhati hakuwa tajiri. Ralph Page, aliyezaliwa mwaka 1903 huko Munsonville, New Hampshire, alikuwa mwelekezaji kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1937 yeye na Beth Tolman walichapisha The Country Dance Book, na kuanzia 1949 hadi 1984, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, alitoa jarida lake dogo la Northern Junket. Ukiziangalia dansi ambazo zilipendwa sana katika zama zake, utaona jambo ambalo watetezi wa mzungusho wa jirani hawana budi kulijibu. Money Musk, ambayo wengi huihesabu kuwa ni mama wa dansi zote za kontra, haina mzungusho wowote, si wa jirani wala wa mwenzi. Petronella ya asili haina. Chorus Jig inao mmoja, nao ni wa mwenzi; majirani katika dansi hiyo hukutana kwa mkono wa kushoto, wakati jozi iliyo kazini inapozunguka baina ya mwenzi na pembe za kundi, na kukutana huko kwa mkono mmoja ndiko utamu wote wa dansi uliko.

Iweje basi mzungusho wa jirani uje kuonekana faradhi?

Jibu limo katika jambo jingine kabisa. Katika dansi za zamani jozi hazikuwa sawa. Palikuwa na jozi zenye zamu na jozi zenye kungoja. Wenye zamu walishuka katikati, wakazungushana, wakapita nje ya safu na kurudi. Waliongoja walisimama, wakatoa mkono ulipohitajika, na wakapiga makofi. Safu ikiwa ndefu, mtu aliweza kungoja dakika nyingi kabla ya zamu yake kufika, na muziki ukikatika mapema haikufika kamwe. Wazee hawakuliona hilo kuwa dhuluma. Kusimama ilikuwa sehemu ya starehe: ulizungumza na jirani, ukawaangalia wanaocheza, ukapumzisha miguu iliyokuwa shambani tangu alfajiri.

Vijana waliozimiminikia kumbi hizo mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970, wengi wao wakimfuata mwelekezaji Dudley Laufman wa New Hampshire, hawakuwa na subira hiyo. Walitaka kucheza muda wote na walitaka wote wacheze sawa. Watunzi waliwaitikia. Herbie Gaudreau alikuwa amekwisha fungua njia kwa kuwaweka wenzi bega kwa bega, jozi moja ikiitazama nyingine, mpangilio ambao hadi leo huitwa kwa jina la Becket, kambi moja ya Massachusetts. Ted Sannella (1928–1995), ambaye kitabu chake cha mwaka 1982 chaitwa Balance and Swing, alitunga dansi ambazo ndani yake hapana anayengoja. Larry Jennings wa Boston alikusanya mamia ya dansi za mwelekeo huo katika Zesty Contras ya mwaka 1983. Na mtunzi anayetaka watu wote wanne wawe kazini kwa wakati mmoja, furaha iwagawikie sawa, hana chombo kilicho rahisi kuliko kumpa kila mmoja jirani wa kumzungusha, kisha mwenzi wa kumzungusha. Mzungusho wa jirani, kwa wingi wake wa leo, ni mtoto wa madai ya usawa. Ndiyo maana wanaoutetea huutetea kwa moyo mkali, ingawa hawasemi daima kwa nini.

Chukua mfano wa The Baby Rose, utunzi wa David Kaynor, mpiga fidla na mwelekezaji wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2021. Ni dansi ambayo hupewa wanaoanza, na ni nzuri kwa kazi hiyo. Mshororo wa kwanza, ukiruhusiwa kuitwa hivyo, ni wa jirani: mapigo manne ya kusogea na kurudi, 12 ya kuzungushana. Wa pili una duara la watu wanne linalokwenda robo tatu, kisha wenzi hupitana mgongo kwa mgongo. Wa tatu ni wa mwenzi: manne na 12 tena. Katika wa nne wanawake huvuka kwa kupeana mikono, kisha wote wanne huweka mikono ya kushoto katikati na kuzunguka hadi kila jozi ipate jirani mwingine. Mapigo 32 kati ya 64, nusu kamili, ni ya kusogeleana na kuzungushana. Hapana asiyefurahi. Lakini ukizitazama dansi kumi za usiku mmoja zilizotungwa kwa kigezo hicho, utaona kwamba zinatofautiana katika nusu moja tu, na nusu hiyo nayo aghalabu ni njia ya kutoka kwa jirani kwenda kwa mwenzi. Maumbo ya kale yaliyohitaji nafasi, kama yale ya pembe katika Chorus Jig, hayaenei humo.

Haki lazima itendeke kwa mzungusho, kwani faida zake za kiufundi ni kubwa. Kwanza, unasamehe. Umbo jingine lolote likichelewa, linalofuata huharibika. Mzungusho waweza kuuingia umechelewa mapigo matatu na kuutoka kwa wakati, na hapana atakayejua. Pili, hukuruhusu kuutoka ukielekea upande wowote. Wawili huingia kutoka pande mbili tofauti, wakatoka wamesimama bega kwa bega, mwanamke kulia, na kwa hivyo mtunzi huweza kuwabadilisha watu pande bila ya kuwaongoza hatua kwa hatua. Ndiyo maana mtunzi aliyekwama huukimbilia, kama mshairi aliyekwama anavyozikimbilia silabi za kujazia mizani.

Faida ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili, nayo si ya ufundi. Mzungusho haufundishiki kwa maneno. Mwelekezaji aweza kueleza mguu wa kulia na wa kushoto mpaka sauti imkauke. Mgeni hataelewa kuachia uzito mpaka ashikwe na anayejua. Akija na rafiki ambaye naye hajui, na dansi ikawa na mzungusho wa mwenzi peke yake, wawili hao watazunguka vibaya usiku kucha, kila mmoja akimfundisha mwenziwe makosa. Lakini ikiwa katika kila duru anapita mikononi mwa jirani mwingine, baada ya dakika nane amekwisha fundishwa na watu zaidi ya kumi, wala hapana aliyemwambia kwamba anafundishwa. Kumbi nyingi zimeishi kwa elimu hiyo isiyo na mwalimu.

Mgeni huyo huyo, hata hivyo, ndiye awezaye kutoka mlangoni asirudi tena. Yuko asiyependa kushikwa kiuno na asiyemjua. Yuko aliyeshikwa kwa namna isiyokuwa ya dansi, akanyamaza kwa sababu muziki ulikuwa unaendelea na jirani mwingine alikwisha fika. Yuko mzee ambaye kizunguzungu kimemzuia, akaona aibu kusema. Kumwambia mmoja wa hawa kwamba hii ndiyo mila ni kumdanganya mara mbili: mila ya kale ilikuwa mikono, na hata ingekuwa kukumbatiana, mila haitoi ridhaa kwa niaba ya mtu. Katika miaka ya 2010 mambo haya yalianza kusemwa wazi katika kumbi za kontra. Umbo la kuzungukana bila ya kugusana, macho yakitazamana, lilivuliwa jina lake la zamani, lililotokana na jina la dharau la watu wa Roma. Kumbi nyingi ziliacha pia kuwaita wachezaji mabwana na mabibi, zikachukua majina ya ndege wawili, Larks na Robins, ya kwanza ikianza kwa herufi ya upande wa kushoto kwa Kiingereza na ya pili kwa ile ya kulia, ili yeyote aweze kucheza upande wowote. Hapo hata utani wa Kipenzi cha Mume Mwenye Mke ukawa umepoteza nusu ya maana yake.

Kisha ukaja Machi 2020, na kumbi zikafungwa. Dansi iliyojengwa juu ya kumpitisha kila mtu mikononi mwa kila mtu ilikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kusimama na ya mwisho kurudi. Ziliporejea, katika mwaka 2021 na 2022, kumbi nyingi zilidai barakoa na vyeti vya chanjo. Mzungusho wa jirani ulikuwa umepata hesabu mpya: si suala la ladha wala haya tu, bali la pumzi za watu 15 kwa dakika nane.

Wasomaji wa mashairi ya Kiswahili waliwahi kuupitia ugomvi unaofanana na huu. Sheikh Amri Abedi alizipanga sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila ya kuzifuata, waliosimamia vina na mizani walisema kwamba hayo si mashairi. Lakini mfano huu usivutwe kupita kiasi. Watetezi wa vina walikuwa na karne za maandishi nyuma yao. Watetezi wa mzungusho wa jirani wana kama nusu karne ya mazoea, na nyuma yake dansi kongwe zinazowapinga. Wanacho cha kutetea, lakini si ukongwe.

Wanachokitetea ni jirani mwenyewe, na katika hilo hawajakosea. Dansi ambayo mzungusho wake pekee ni wa mwenzi, na majirani ndani yake ni wa kupitwa tu, imerudi kuwa walzi iliyopangwa safu. Jozi nyingine hugeuka nguzo za kuzungukwa. Hatari hii si ya kubuni. Liko umbo lililorejeshwa kutoka dansi moja ya mwishoni mwa karne ya 17, Mad Robin, ambalo ndani yake unamzunguka jirani bila ya kumgusa huku macho yako yako kwa mwenzi aliye ng'ambo ya pili. Ni umbo zuri, na limependwa sana na watunzi wa siku hizi. Lakini likiwa ndilo pekee alilopewa jirani, huyo jirani amepewa mgongo. Mtunzi anayeuondoa mzungusho anadaiwa kitu badala yake: mapigo yasiyopungua manane, mkono ushikwe kwa uzito, na uso utazamwe. Money Musk na Chorus Jig zinaonyesha kwamba deni hilo linalipika. Dansi za Kiingereza za jadi, ambazo bado huchezwa Marekani chini ya dari moja na kontra katika jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1915, zinalilipa kila siku kwa mikono miwili na macho.

Na iko njia nyingine ambayo haimlazimu mtunzi kubadilisha hata pigo moja. Kwa kuwa mzungusho husamehe, jirani mmoja aweza kunyoosha mikono yake miwili badala ya kufungua kwapa. Wawili hao watazunguka kwa mikono, kwa mapigo yale yale, na watatoka bega kwa bega wakielekea pale pale walipotakiwa. Jozi ya pili hata haitajua kwamba pametokea tofauti. Waelekezaji kadhaa hulifundisha hilo mwanzoni mwa usiku, kabla ya dansi ya kwanza, na mtu hatakiwi kutoa sababu. Ndilo tendo ambalo Griffiths angelitambua mwaka 1788, na kwa jina lile lile.

Limebaki jambo la mwisho wa safu. Jozi inayofika mwisho, juu au chini, hukosa jirani kwa duru moja. Husimama nje kwa nusu dakika, hubadilishana nafasi ili ielekee ilikotoka, na hungoja. Baadhi ya wenzi hulitumia kwa kuzungushana wawili peke yao, nje ya muziki wa wengine. Wengi husimama tu wakiitazama safu, wakiwaangalia watu wanne walio mbele yao, ili wajue ni yupi atakayegeuka duru ikianza.